Kwa Fundi Aliyekataa Upanga

Fundi,

Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa tukigombana kwayo. Kiingereza kilikuwa cha wateja, Kipunjabi cha simu za nyumbani kwako, lakini ukikasirika ulikuwa unarudi Nakuru moja kwa moja. "Wafula, hii mpini nani nachonga? Wewe ama panya?" Leo mwenye hasira ni mimi, na ninaitumia lugha hiyo hiyo.

Umekufa ukaniachia kiapo ambacho si changu. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine nitayaeleza kwa mpangilio nikiweza, ila tangu nikae hapa mezani nimeinuka kuweka chai, nimeinuka kuangalia kama gari nimelifunga, na kutulia sijatulia.

Karakana bado iko palepale Birmingham, nyuma ya Soho Road, na mlango unakwama vilevile. Baada ya mazishi Jasbir, binti yako, alikuja na funguo za akiba. Akapita katikati ya mashine na koti lake jeupe la duka la dawa, akaniambia bila kuzunguka: jengo sasa ni la watoto watatu, wawili wanataka kuliuza, na yeye anaweza kuwazuia tu ikiwa karakana italipa kodi kamili kama mpangaji mwingine yeyote. Kuna mfanyabiashara wa mchele anayeitaka iwe stoo. Simlaumu Jasbir. Halafu akasema, macho yamemjaa, "Anko, tengeneza chochote unachotaka. Kile kiapo kilikuwa cha Baba."

Nilitarajia yeye ndiye atakayenikataza. Angenikataza ningekuwa na mtu wa kubishana naye.

Wiki hiyo hiyo akapiga simu Clive, yule mwenye duka la vifaa vya watu wanaoigiza vita vya kale, uliyekuwa ukimwita Bwana Kelele. Anataka panga za vita arobaini, butu, za kuchezea uwanjani, zote kipimo kimoja. Arobaini, Fundi. Oda moja ya kutusimamisha mwaka mzima. Akasema, "Sasa kwa kuwa mzee ametutoka, Mungu amrehemu, tunaweza kuongea kama watu wazima." Nikamwambia nitampa jibu mwisho wa mwezi. Nilipokata simu nilianza kupiga hesabu ya arobaini nyuma ya risiti, na sijui kama ni kwa hasira au kwa tamaa.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Nilikuwa naosha mabasi kwenye depo, na cheti changu cha kuchomelea kutoka Bungoma hakuna mtu wa mji huu aliyetaka kukisoma. Wewe pia hukukisoma. Ulinipa nyundo na chuma chekundu, ukaniangalia bega, si mkono. Kisha ukasema, "Iko neno moja tu. Mimi hapana tengeneza upanga. Shoka sawa, rungu sawa, nyundo, mundu, mkuki, yote sawa. Upanga, mlango ile pale." Nikadhani ni mambo ya bima.

Siku niliyopata ujasiri wa kuuliza, uliinua shati kidogo ukanionyesha kile kisu cha dini yako, ambacho kwenu huhesabiwa upanga, kilichokaa ubavuni miaka yote. "Hii mtu nafunga juu ya kulinda mwingine. Halafu mimi nauzia Clive, yeye nacheza nayo Jumamosi na bia mkononi?" Ukarudi kwenye tanuri. Nimelelewa katika kanisa lisilotaka vita vya aina yoyote, na pale nilikuwa nimeshika rungu la chuma lenye mapezi saba kama ya samaki. Singeweza kumhubiria mtu.

Na kukataa kwako ndiko kulikotujengea jina. Anayetaka upanga ana mahali kumi pa kwenda. Anayetaka nyundo ya vita iliyokaa sawa alikuja kwetu, na akaenda kuwaambia wenzake kwenye mtandao, ambako waliandikiana kurasa kwa kurasa wakibishana ile ncha ya nyuma ipinde digrii ngapi. Dereva wa basi. Mwalimu wa hesabu. Maureen, yule mkunga, aliyekuja kwenye mazishi yako na koti jeusi la heshima na chini yake viatu vya askari wa miaka mia tano iliyopita, kwa sababu, alisema, ndivyo pekee alivyokuwa amevipiga rangi.

Mimi nilichokipenda ni mizani. Kila mgeni aliingia akiamini nyundo ya vita ni chombo cha jitu, kilo kumi, kilo kumi na tano. Tunampa. Kilo moja na robo, mpini na yote. Upanga wa mkono mmoja ni karibu hiyo hiyo; tofauti ni uzito umekaa wapi. Ulikuwa unangoja uso wake ubadilike. Maureen mara ya kwanza alisema, "Mbona ni kama ya kupigilia misumari?" Ukamwambia kwa Kiingereza chako cha polepole, "Madam, ni ya misumari. Msumari mwenyewe amevaa chuma." Alicheka mpaka akashika ukuta.

Alikuja kutaka nyundo, akaondoka na mundu. Futi sita na nusu za mpini, na kichwa kile kile ambacho wakulima wa nchi hii walikatia ua wa mashamba yao, hadi walipoitwa vitani na kuurefusha mpini tu. Nilimuuliza anaupendea nini. Akasema huwezi kuutumia peke yako. Ni lazima uwe kwenye mstari, na mtu kushoto na mtu kulia, na kazi yako nusu yake ni kuwaangalia hao. Upanga, akasema, ni wa mtu anayetaka kuonekana. Nilidhani ni maneno ya mkunga aliyechoka na madaktari.

Lakini sikiliza. Wewe ulikuwa na kuta, Fundi. Mtu mwenye jengo lake anaweza kukataa kila siku na watu wakamwita mtu wa msimamo. Mpangaji anakataa mara moja, kisha anatafuta gari la kuhamia. Uliwahi kulifikiria hilo? Uliniachia vyombo, wateja na katazo, ila paa hukuniachia. Nimekuwa nikikuuliza swali hili ndani ya basi la Winson Green hadi watu wanahama kiti.

Kwa hiyo nimeutengeneza upanga. Mmoja, wa mfano. Nilifunga mlango, nikazima redio. Gramu elfu moja mia moja na themanini, ubapa wa inchi thelathini na mbili, na mahali pa mizani sentimita nane kutoka kwenye kinga ya mkono. Nilitaka utoke mbaya. Nilitaka upinde, upasuke ndani ya mafuta ya kupozea, niseme basi, haiwezekani, uamuzi umefanywa. Ukatoka mzuri, Fundi. Mzuri kupita kitu chochote nilichowahi kufua mbele ya macho yako, na wewe hukuwepo kuutafutia kasoro.

Wikendi ya sikukuu nikaenda nao uwanjani, kwenye maonyesho, Clive auone. Niliuweka mezani kati ya nyundo na mashoka, nikakaa nyuma ya meza nikitazama.

Walioinua upanga, karibu wote, walifanya kitu kile kile. Waliunyoosha mbele, wakageuka kidogo, wakatafuta nani anaangalia. Mmoja alimpa mkewe kamera. Halafu wakaurudisha, wakashukuru, wakaenda. Walioinua nyundo waliigeuza chini juu. Waliangalia kabari inayobana mpini. Walipitisha kidole pale chuma kinapomeza mti, wakauliza imeshikwaje, mti gani huu, na ukivunjika nifanye nini. Hao nilishindwa kuwaondoa mezani. Mmoja alinishika kwa maswali mpaka soseji yake ikapoa mkononi.

Maureen akafika na mundu wake begani, akauona upanga. Hakuugusa.

"Nani amekuruhusu?"

"Karakana ni yangu," nikamwambia, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Aliyekufa halipi kodi."

Akanitazama kama, nadhani, anavyowatazama wanaume wanaozimia chumba cha kujifungulia. "Sikuuliza habari za kodi, bab," akasema, kwa hilo 'bab' lao la Birmingham ambalo kwalo huitwa mtoto na polisi sawasawa. "Mpini wangu umepasuka. Utanitengenezea lini?"

Nikaupokea. Ufa ulikuwa unafuata nyuzi za mti, kiganja kimoja chini ya chuma. Huo ni mpini wa tatu kwenye kichwa kile, na kichwa chenyewe ni kazi yangu ya mwaka wa kwanza. Bado kina ile alama ya nyundo uliyoniambia niiache ili nione aibu. Kila mpini ulipopasuka Maureen alikuja, akapindua ndoo, akakaa, akatueleza nani amezaa mapacha na baba yupi amekimbia. Ungeweza kumfundisha kuuweka mpini nyumbani kwake kwa dakika ishirini. Hukumfundisha, naye hakuomba afundishwe.

Clive akaja akihema, akaushika upanga, akaunyoosha mbele, akageuka kidogo. "Arobaini kama huu," akasema. "Huu huu."

Nikamuuliza, "Ukivunjika?"

"Ukivunjika atakuja kununua mwingine. Kwangu." Alinikonyeza, maana kwake hiyo ilikuwa habari njema kwetu sote wawili.

Nikasikia mdomo wangu unasema hapana kabla hesabu haijaisha kichwani. Mimi, Fundi, mtu wa hesabu. Akaniuliza kama ni kwa sababu ya mzee. Nikamwambia mzee hahusiki. Watu arobaini watakaobeba kazi yangu na nisimwone hata mmoja tena, mimi nitajuaje kama nilikosea? Nani atanirudishia kosa? Hakunielewa. Alisema nina huzuni, nimpigie Jumatatu. Sikumpigia.

Sasa usifikiri imekuwa rahisi. Nimemwachia mtu wa mchele nusu ya mbele ya karakana, nimebaki na nusu ya nyuma. Siku tatu za wiki ninatengeneza mageti na nondo za madirisha kwa watu wa mtaa wa Alum Rock, wanaopiga simu kila saa kuuliza geti limefikia wapi. Jasbir amewashika ndugu zake kwa mwaka mmoja. Nimepiga hesabu kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, na inatosha ikiwa hakuna atakayeugua, mimi au ile mashine ya kusagia chuma. Mke wangu ananiambia nimekuwa kama mtu anayengoja simu kutoka hospitali.

Upanga uko juu ya kabati, umefungwa ndani ya gunia. Nimeugonga muhuri wa jina langu, si wako. Sitauuza, na sitaukata. Ukiona vibaya, basi ona vibaya.

Na jambo hili nataka uliweke sawa huko uliko: sijakataa kwa ajili ya kiapo chako. Kiapo chako kimekwenda nawe, kama kilivyostahili. Hiki ni changu, na sababu zake nimezinunua mwenyewe uwanjani, kwa hasara. Sitakuahidi maisha yote, kwa kuwa sina jengo. Nakuahidi mwaka huu. Mwakani nitaziangalia namba upya, na zikinishinda utakuwa wa kwanza kuambiwa, kabla ya Clive.

Mpini wa Maureen utakuwa tayari Alhamisi.

Pumzika, Fundi. Mimi siwezi bado. Mtu wa mchele anafika asubuhi na fuawe lako, lile chuma la kufulia, lingali upande wake. Ni kilo mia moja na sabini, na hakuna ninayetaka anisaidie kulisogeza.

Wafula