Nyumba ya Pwani Kichiwa

Kichiwa,
3 Machi 2024

Mwanangu Emilia,

Kamwene. Hujambo huko Makambako? Mimi nipo, ila kifua. Binamu yako Pendo anakusalimu, na ng'ombe amezaa dume. Nakuandikia kwa sababu simu yangu unaiacha iite mpaka ikate. Barua hii nimempa konda wa basi la asubuhi, ameapa ataifikisha ofisini kwako.

Jambo lenyewe ni nyumba. Kifua hiki hakitavuka baridi nyingine humu kama ilivyo. Nilimwita fundi Methodi azibe matundu ya ukutani na aezeke ule ua wa katikati kabla ya Juni. Alizunguka nyumba mara mbili, akasema, "Mama Emilia, huu ukuta wa matundu ndio umebeba paa. Siugusi bila ramani. Aliyechora ndiye anayejua unafungwaje." Kisha akacheka. "Na akija atuambie siku ile alikuwa amekunywa ulanzi wa nani." Nikamwambia anyamaze, baba yako hajamaliza mwaka kaburini.

Njoo uchore. Ni mwendo wa saa moja tu.

Mama yako


Makambako,
21 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepungua. Mimi sijambo. Nakula, nalala, naenda kazini. Nawachorea watu vyumba vitatu, sebule, madirisha ya futi nne kwa nne. Hakuna anayelalamika. Mfanyabiashara mmoja wa mbao aliniambia, "Dada, wewe huna maringo ya wasomi, unachora tu." Ni kweli. Nachora tu.

Simu sipokei kwa sababu ukitaja baridi sina la kujibu.

Sijawahi kukueleza ile nyumba ilitoka wapi. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Dar es Salaam, wanatufundisha majengo ya pwani. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa inatoka baharini kuja barani. Usiku inageuka, inarudi. Nyumba za kule zimejengwa kwa ajili ya safari hiyo ya hewa. Ndiyo maana kuta zina matundu, paa liko juu, na katikati kuna ua ulio wazi ili joto lipate pa kutokea. Hata ukiijenga mahali ambapo maji hayaonekani, nyumba ya namna hiyo inaishi kwa kuitegemea bahari. Nililipenda wazo hilo kuliko nilivyowahi kumpenda mtu. Baba aliponipigia na kusema, "Nichoree nyumba, mtaalamu wangu ni wewe," nilimchorea nilichokuwa nakipenda. Sikujiuliza Kichiwa kuna joto gani la kutolewa. Mimi, niliyekwenda shule na sweta miaka yote. Nilibaki chuoni miaka miwili mingine na sikufuta hata mstari.

Ramani ya kuifunga nitaituma. Kuja sitaweza kwa sasa, kazi ni nyingi.

Mwanao,
Emilia


Kichiwa,
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Kamwene. Pasaka imepita salama, tulikukosa. Ramani haijafika.

Kazi ni nyingi, umesema. Pendo alikwenda huko Jumapili iliyopita kuuza maharage. Anasema alikuona stendi umekaa na begi. Basi la huku likajaa, likaondoka, ukabaki. Likaja jingine, ukabaki. Anasema hukuwa na sura ya mtu anayesubiri kitu. Alitaka kukuita, akaogopa.

Unanieleza habari za hewa ya baharini kama vile sikuwahi kufika pwani. Nilikuwepo kwenye mahafali yako. Baba yako aliitazama bahari kidogo tu, kama mtu anayetazama shamba la jirani, akageuka akaanza kugonga kuta za nyumba za watu kwa ngumi. Mwenye nyumba akatoka. "Mzee, unatafuta nini?" Akamjibu, "Kosa. Binti yangu anataka kunijengea kama hii, natafuta kosa silioni." Yule bwana akacheka, akatukaribisha kahawa. Ndani mlikuwa na ubaridi mzuri, nami nilikuwa nimelowa jasho, nikasema moyoni kumbe mtoto ana akili. Tuliporudi akaanza kufyatua matofali wiki ileile.

Sisi wote watatu hatukukumbuka kwamba tulikuwa tunatoka jasho.

Mama yako


Makambako,
29 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Ramani hii hapa. Mwambie Methodi asivunje kitu. Aanze upande wa magharibi, aingize nusu tofali katika kila tundu, kozi mbili za tofali kwa siku na si zaidi, lenta, ule mkanda wa zege wa juu, asiiguse. Ua aufunike kwa bati zinazopitisha mwanga, maji yaelekee nyuma. Plasta iwe ya mwisho kabisa.

Nimeichora kwa siku moja. Nilidhani itanishinda.

Ni kweli nilikaa stendi.

Naomba unijibu jambo moja. Mwaka jana baridi ilipoanza, hakuna aliyemwambia Baba azibe?

Emilia


Kichiwa,
12 Mei 2024

Mwanangu Emilia,

Kamwene. Umeuliza, nami sitakuficha tena.

Tulimwambia. Methodi alimwambia, mimi nilimwambia. Akakataa tofali hata moja. Badala yake kila jioni alikuwa anaziba kwa matambara. Koti lake kuukuu, viroba vya mbolea, sketi zangu. Chumbani kwetu peke yake matundu ni sitini na mawili. Kila asubuhi, kabla watu wa maziwa hawajapita, aliyatoa yote. Nilimwambia, "Baba Emilia, acha yakae, kwani yanakula nini?" Akasema, "Watu wakiyaona watasema msomi wangu hajui kazi." Akaanza kukohoa, akaendelea. Asubuhi ile tuliyompeleka hospitali hakuweza kunyanyua mkono. Aliniomba niyatoe mimi. Nikayatoa.

Nilikulaumu, mwanangu. Mpaka Pasaka hii nilikuwa nakulaumu, hata ukisalimiwa kanisani nilikuwa naitikia kwa mdomo tu. Sasa sikulaumu. Nimechoka.

Ramani nimeiona, ni nzuri. Methodi ameielewa na matofali yapo. Lakini sitamruhusu aanze mpaka uwepo. Usifikiri ni adhabu. Siwezi kusimama peke yangu nikitazama nyumba ya mume wangu inafungwa.

Mama yako


Ilembula, hospitali,
24 Juni 2024

Dada Emilia,

Anayeandika ni Pendo, Mama anasema nami naandika. Anasema kamwene, hujambo? Anasema yeye hajambo, ni nimonia kidogo, wanamtunza vizuri. Anasema wiki sita umekaa kimya, hana neno, anataka kujua tu kama unakula.

Sasa hapa ni mimi. Si nimonia kidogo. Juzi alikuwa anapumua kama anapanda mlima. Ananiuliza naandika nini kirefu hivyo, nimemwambia ni salamu za watu. Dada, ramani iko kwenye Biblia na tofali ziko nje zinaota nyasi. Akiruhusiwa hapa anarudi palepale. Basi.

Anasema niandike, Mama yako.


Kichiwa,
10 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Pendo ameniambia homa imeshuka na jana ulikunywa uji wote. Nimefurahi. Nadhani ni furaha, sijui vizuri.

Nakula.

Nilikuja siku ileile barua ya Pendo ilipofika. Mimi na Methodi tumeanza bila wewe, naomba unisamehe kwa hilo. Siku ya kwanza hakunitania hata kidogo, na hilo lilinisumbua kuliko utani. Siku ya pili aliponiona nachanganya udongo akasema, "Mhandisi, kule chuoni walikufundisha kupika ugali?" Nikamshukuru. Chumba chenu nilikifanya mwenyewe. Sitini na mawili, ni kweli. Nilikuwa nangoja nisikie kitu moyoni nikifika tundu la mwisho. Niliweka tofali, nikapima kwa timazi, nikaenda kunawa.

Jumapili baada ya ibada watu walikuja kuona. Walikaa kwenye ua, sasa una bati juu. Mzee wa kanisa Kefa akashika ukuta, akasema, "Kwani mlifunga ya nini? Marehemu alikuwa anatuambia nyumba hii haina baridi kabisa. Joto la pwani limehamia Kichiwa, alisema." Wengine wakacheka, wakaitikia, ndivyo alivyosema.

Nikawaambia alikuwa anawadanganya. Niliwaambia nyumba ilikuwa na baridi kuliko nje, niliichora vibaya mimi, na Baba alikuwa analala na matambara ukutani na kuyatoa asubuhi ili msijue. Niliyasema kama ninavyosoma vipimo kwa fundi. Watu wakatazama chini.

Mama Sila, jirani yako wa bondeni, ndiye aliyezungumza. "Tulijua, mwanangu. Matambara yalikuwa yanalowa ukungu usiku, akawa anayaanika nyuma ya nyumba, na kule kwetu panaonekana. Nilikuwa nawaambia watoto wasitazame upande ule." Mzee Kefa naye akasema alijua. Watu wa maziwa pia. Ikawa kila mmoja anajua, na kila mmoja alikuwa amemsifia Baba nyumba yake mbele yake. Mzee Kefa aliniambia, "Angetuuliza tungefanyaje? Alikuwa na furaha nayo."

Sikulia. Niliuliza nani anataka chai, nikaenda jikoni, nikakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Baba asingependa niliyoyasema. Labda na wewe hupendi. Ofisini nimeomba ruhusa mpaka Agosti, wakikataa wakatae. Plasta ya chumba chako imekauka, nimelala humo siku tatu kuijaribu, sikuhitaji blanketi la pili.

Kama umekasirika, usinigombeze kwa barua. Subiri daktari akuruhusu, uje ukasirike humu ndani. Nipo.

Mwanao,
Emilia