Mashati ya Chai

Mjukuu wangu Nasra,

Natumai baridi ya Glasgow haijakugandisha. Sisi hapa Woolwich wazima. Goti la babu yako limetulia, na shangazi yako keshapata nyumba Barking.

Umeniuliza niliwezaje kufanya kazi na wapiga picha wakali wa filamu, maana huyo bosi wako wa kamera anakutoa machozi. Wengine walikuwa na roho mbaya tu, hao niliwakimbia. Lakini yuko mmoja namshukuru mpaka leo.

Nilikuwa upande wa mavazi. Siku moja alinifokea mbele ya watu wote kwamba mashati yangu meupe yanang'aa mno kwenye kamera. Dawa yake ni kuyachovya kwenye chai ili weupe ufifie. Nikachemsha sufuria nzima, na kwa mazoea ya kwetu Unguja, mkono ukatia iliki na mdalasini. Waigizaji walipovaa, studio yote ikanukia kama nyumba ya harusi. Nikajua leo nafukuzwa.

Akaja, akanusa shati moja, akarudi kwenye kamera na kutazama kwa muda mrefu.

"Harufu haionekani," akasema. "Rangi ndiyo hii."

Ndipo nilipotambua kwamba siku zote alikuwa akigombana na mwanga, si na mimi.

Kesho yake asubuhi alikuja mlangoni pa chumba changu cha mavazi. Hakuomba radhi. Alininyooshea kikombe kitupu.

Nimekutilia iliki kwenye bahasha hii. Chemsha kabla bosi wako hajafika.

Bibi yako anayekuombea,
Zuhura