Kilemba cha Seif

Jumatatu, Mfungo Tano 1303 Hijria. Mvua ya vuli tangu alfajiri, na mimi naogopa.

Tangu jana adhuhuri mtoto hajacheza.

Tulikuwa tunatoka shambani Kiwangwa, nije kujifungulia kwa mama hapa Bagamoyo, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza. Nimo mwezi wa saba. Seif, mume wangu, alihofu nisije nikaanguka kwenye punda, akavua kilemba chake akanifunga nacho kwenye matandiko, katikati ya tumbo, akakaza. Nikamwambia amenifunga kama mzigo wa sandarusi. Tulicheka.

Karibu na mji tukakutana na msafara wa pembe kutoka bara. Wapagazi walipoiona pwani wakapiga bunduki za furaha, kama kawaida yao. Punda akaruka, matandiko yakapinduka, nikaning'inia ubavuni huku kilemba kikinibana tumbo, mpaka Seif alipomkamata. Sikuanguka. Hilo ndilo analomsimulia kila mgeni: alhamdulillahi, nilimfunga vizuri.

Natamani ningeanguka.

Leo mama amemwita Bi Tatu, mkunga aliyenipokea hata mimi nilipozaliwa. Alinipaka mafuta ya nazi ya moto, akapapasa taratibu. Alipouona mstari mwekundu uliopita juu ya kitovu, mkono wake ukasimama.

"Nani kakufunga hapa, mwanangu?"

Nikasema nilijifunga mwenyewe.

"Hapa hapafungwi. Hufungwa chini, nyongani, au mtu asifungwe kabisa." Akatega sikio tumboni, muda mrefu. "Lala ubavu. Tungoje."

Nimelala tangu hapo, mkono tumboni. Tumbo likinguruma naacha kupumua, kumbe njaa tu. Seif yuko barazani, kichwa wazi, namsikia akirudia habari ya fundo lake. Siwezi kumwambia. Alilifunga kwa mapenzi, najua, na bado leo namchukia kidogo.

Kilemba chenyewe kimefuliwa, kimekunjwa kando ya kitanda. Ni cheupe, cha zamani, laini. Tulikwisha kubaliana tukikate winda na nguo nyingine za kumpokelea mtoto. Jioni hii mama kaja na mkasi, anataka kujishughulisha asilie mbele yangu.

Nimemwomba asikiguse, mpaka nijue tunamkatia winda au sanda.