Jina la Baba, Ukurasa wa 209

Baraka, tarehe 17/3/2003

Mpendwa mdogo wangu Bertin,

Nakusalimu sana. Wewe na Fanny mu wazima? Baridi ya Liège imelegea? Mimi mwili uko salama, vitenge vinauzika, na barabara ya Fizi ina siku tatu bila risasi.

Sasa kaa chini. Habari hii nimekataa kuipeleka kwa intaneti. Kule mambo yanakimbia mno.

Baba ametuacha Jumapili tarehe 9, saa nne asubuhi. Malaria, na miaka sabini na sita. Tumemzika hapa hapa Baraka, maana Lubondja hakufikiki.

Kitabu chake alikipata. Alikishika siku kumi na tisa.

Unaikumbuka kazi ile. Kaye zake saba, madaftari yale ya majina ya familia za Lubondja, kurasa 214, nilizibeba kichwani tulipokimbia. Kila nilipovuka kwenda Kigoma kununua vitenge nilipiga kurasa sita kwenye mashine ya intaneti, nikakutumia, nawe ukaziweka kwenye ukurasa wako wa intaneti. Safari thelathini na sita! Watu wetu walioko kambi za wakimbizi wakaongeza humo majina ya waliouawa, na mchapaji wa huko kwenu akachukua yote humo humo, akatoa kitabu. Nakiri: bila hivyo, nani angechapa kaye za mwalimu wa Lubondja?

Lakini mtu wa kambini aliandika kwamba Mwalimu Albert amekufa, nawe hukuniuliza. Majina 1,163, kosa moja, na kosa lenyewe ni baba yako. Hilo bado linaniuma.

Alipojikuta kati ya marehemu, ukurasa wa 209, mi nililia. Shangazi Rosette akasema kumhesabu mtu na wafu ni kumwita. Baba akacheka: "Constance, mama, leteya marehemu chai. Sukari iko?" Kisha akachukua biki, akalikata jina lake kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: *Niko*.

Nilikuandikia kwa hasira ulifute kwenye intaneti. Ulilifuta siku ile ile. Kigoma niliona kwa macho yangu. Karatasi ikabaki na kosa, intaneti ikawa sawa. Sasa imegeuka: karatasi ndiyo sawa, intaneti ndiyo yenye kosa.

Basi nakuomba, Bertin, lirudishe jina lake. Pale pale lilipokuwa, na tarehe yake. Vitabu vingine havina tena cha kusahihisha. Hiki chake, chenye *Niko* yake, sitakigusa.

Shangazi Rosette na Willy wanakusalimu. Msalimie Fanny. Mungu akupanguse machozi huko ambako mkono wangu haufiki.

Dada yako akupendaye hata akikukasirikia,
Constance