Jina la Hodan

Jumanne, Garissa

Bado nina hasira na mkurugenzi wa kituo chetu cha elimu ya watu wazima.

Leo niliwafundisha akina mama wa darasa la jioni kueleza kwa Kiingereza wanavyopumzika baada ya kazi. Hodan, anayeuza maziwa ya ngamia tangu alfajiri, akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, "Wallahi mwalimu, mimi nabumzika hapa tu. Nyumbani watoto sita wanangoja." Wenzake wakacheka. Baadaye akasinzia.

Mkurugenzi akaingia, akamwona, akachukua rejista na kukata jina lake. "Hapa si mahali pa kulala."

Hodan alizinduka, akabeba madumu yake ya maziwa akaondoka. Nami nilinyamaza kwa kuogopa kufutwa kazi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimeliandika jina lake upya. Kesho nitamfuata sokoni nimwombe radhi. Mkurugenzi akilikata tena, na langu alikate.