Dawa ya Ineza na Jicho la Kulia

Ineza mjukuu wangu,

Marahaba, najua ungeanza na shikamoo. Anayeandika ni mama yako mdogo Tecla, mimi naongea tu. Huku Bugarama mvua imeshika, maharage yamechanua, na yule mbuzi wa jirani yetu Gidioni bado mwizi.

Jana nilikuwa napunguza machipukizi kwenye migomba. Nikakata lile kubwa nililoliacha lirithi mgomba mama, nikabakiza yale madogo ya kutupa. Tecla akaniuliza, "Mama, huoni?" Nikamwambia panga limeteleza. Halikuteleza. Katikati ya jicho la kulia pana giza sasa, kama la kushoto lilivyoanza kabla ya kufa.

Daktari alisema ni sukari, mishipa mipya inaota ndani ya jicho na kuvuja damu. Alitaka nichomwe sindano ya jichoni kila mwezi. Nilikataa, nikasema mjukuu wangu anatengeneza dawa ya kuinyamazisha ile amri inayoiambia mishipa iote. Hata kanisani nimetangaza. Melania jirani ananicheka, eti namngoja daktari wa panya. Kwani dawa hiyo bado mnawapa panya tu?

Ukisema ningoje, nitangoja. Lakini usiseme hivyo ili kunifurahisha. Tecla ameacha kuandika, analia, hakujua kuwa na jicho la kulia linaondoka. Andika, Tecla mwanangu.

Kama dawa yako haitaniwahi, sema, nipande basi wiki hii nikachomwe. Mimi nataka kukuona ukija, hata kama si kwa dawa yako.

Bibi yako anayekuwaza,
Bonifasia