Sato wa Baba kwenye Falaj

Bausher, Maskati,
5 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Badr,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Mwanza, na goti lako limepata nafuu? Hasina na watoto hawajambo? Nawaombea afya kila baada ya sala, hata siku ambazo nimekukasirikia, na hizo si chache.

Sisi huku tunashukuru. Joto limeshaanza, na sukari yangu inapanda na kushuka itakavyo. Mwanangu Ruba amehamia Qurum na mumewe. Huja Ijumaa, akakaa saa mbili akiangalia simu, akaondoka. Nyumba nzima ya Baba nimebaki mimi na kikohozi changu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningepata pa kukimbilia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Unauliza kwa nini watu wa falaj wameizuia zamu yako ya maji ya mfereji kwa miaka mitatu ijayo, na kwa nini wanataja samaki, ilhali nilikwambia samaki wale niliwamaliza. Unataka ukija Idi Kubwa uikute mitende yako sita hai. Nitakujibu, lakini kwanza utanisikiliza.

Unakumbuka ulivyokuja Januari ya 2022. Baba alikuwa kitandani, chakula hakitaki, kutwa anataja Mwanza na sato wa ziwani. Ukaenda Barka kwa mfugaji, ukarudi na sato wachanga thelathini kwenye mfuko wa plastiki, ukawatia kwenye birika letu, lile tangi la kumwagilia shamba. Wiki mbili zikaisha, ukapanda ndege. Kuwalisha ikawa kazi yangu, kama kila kitu kingine.

Sato wa kwanza nilimpikia Baba Septemba, kwa nyanya na ndimu. Alimla mpaka kichwa. Akasema, "Sato huyu kakosa ziwa tu." Kisha akalia, akakuombea dua ndefu wewe. Mimi niliyemwosha na kumgeuza kwa miaka sita nilikuwa nimesimama hapo na sahani mkononi. Sikutajwa. Sijasahau, Badr, na sitakuficha.

Alipofariki Desemba ukanipigia simu, ukasema niwaue wote wasije wakatoka. Ulijua hatari yake. Wewe ndiye uliyeniandikia zamani kwamba furu wanatoweka ziwani, sangara anawala, na wavuvi wanarudi na samaki wa aina moja badala ya zile aina zote tulizozizoea. Ulijua, na bado uliwaleta, kwa sababu ulitaka Baba akufurahie.

Nikakwambia nimeshawaua. Sikuwaua. Agosti iliyofuata maji yalipungua, na wale thelathini walikuwa wameshazaana hata hawahesabiki. Walikuwa wamebanana birikani, midomo juu, wanatafuta pumzi. Niliwaona ni samaki wa Baba. Alasiri moja nikawachota, ndoo nne, nikawamwaga kwenye falaj na kunuia thawabu zimfikie marehemu. Nikaingia ndani nikasali, moyo mweupe.

Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Sato jike akishataga huyabeba mayai mdomoni, na watoto huwafungia humo humo mpaka wajiweze, na katika mfereji ule hakuna wa kuwala ila paka wawili na korongo mmoja. Wa pili tukaanza kuvikosa vile vidagaa vya falaj, vilivyokuwa vikituchokonoa vidole tulipotia miguu majini siku zile tumehamia. Mayai yao yaliliwa na sato, na chakula chao kililiwa. Navyo ndivyo vilivyokuwa vikiingia kila kidimbwi na kula viluwiluwi vya mbu.

Hao sato wenyewe hawana faida. Wamekuwa wengi mno kwa mfereji mwembamba, basi hawakui. Unamkuta ana urefu wa kidole na tumbo tayari lina mayai. Humaid, mtoto mkubwa wa jirani yetu Marhoon, alikusanya wanaume wakatega nyavu, wakatoa magunia matatu, wakafurahi. Baada ya miezi miwili walikuwa wengi kuliko mwanzo, kwa sababu waliobaki walipata chakula cha wote.

Ramadhani hii mbu walituzidi. Bi Noof, mke wa Marhoon, alishikwa na homa ya dengue, akalazwa siku kumi na moja. Amerudi nyumbani, lakini nywele zimepukutika na ngazi hapandi tena. Daktari hakutaja samaki. Mimi nilimpelekea uji kila siku, na kila siku nilishindwa kumtazama usoni.

Marhoon, unajua, ndiye msimamizi wa falaj. Baada ya Idi akatuita wote wenye zamu. Wakakubaliana kuukausha mfereji siku kumi na kumwaga kila birika, hata kama vidagaa vichache vilivyobaki vitakufa navyo. Mmoja akasema haya ndiyo mambo ya watu wa Zinjibari. Miaka arobaini na mbili tuko hapa tangu tutoke Mwanza, na Zinjibari yenyewe sisi hatujawahi kuikanyaga. Maneno hayo nimeyazoea.

Ndipo Marhoon akanigeukia, kwa upole, kwa sababu ya ule uji. Akauliza, "Nasriya, nani aliyewatia kwenye falaj?"

Nikasema, "Ndugu yangu Badr."

Hakuna aliyenilazimisha, na wala ulimi haukuteleza. Nilitaka mara moja tu katika maisha yetu lawama ikufuate wewe huko uliko, na dua zibaki kwangu. Wakaizuia zamu yako hapo hapo, ile nusu saa ya kila siku ya nane. Wakanipa pole kwa kuwa na ndugu kama wewe, nami nikaipokea.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama mitende yako. Makuti ya chini yameanza kukauka. Yangu, hatua tatu kutoka hapo, inanawiri. Nilidhani ningefurahi.

Sikuombi msamaha, maana na mimi nina yangu ya kukusamehe, na bado sijafika huko. Ila barua hii sitaiposti kabla sijaipeleka kwa Marhoon nikamsomea kwa Kiarabu, neno kwa neno, mbele ya mkewe.

Nisalimie Hasina, na mama mdogo Veneranda, na wote wanaonikumbuka mtaani. Mungu akulinde, akupe afya ya goti, na atujaalie kuonana tukiwa bado tunaweza kugombana.

Dada yako akupendaye, upende usipende,
Nasriya

Nyongeza, 16 Mei. Nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Bi Noof aliinuka akaingia ndani, na tangu hapo uji wangu unarudishwa na kifuniko chake. Zamu yako umerudishiwa, imezuiwa yangu. Siku kumi za kuukausha mfereji zimekwisha, na leo ilikuwa nusu saa yako. Nilisimama shambani nikayatazama maji yakipita mbele ya mitende yangu, yakaingia kwenye yako. Ndani yake hapakuwa na samaki hata mmoja, wa kwetu wala wa kwao.